Dua ya Mama na Mfumo wa Kujaribu

Mdogo wangu anafundisha kompyuta katika shule moja kule Koboko, na anaamini kwamba mtu hajui kitu mpaka afundishwe na yeye. Namshukuru Mungu kwa ukaidi wake huo. Naandika haya kwenye mfumo mpya wa kuendesha kompyuta alionipa, na laptopu ni ile ile kuukuu.

Mimi naishi Arua, na kazi yangu ni kuchapa: barua za maombi, kadi za harusi, risala za wakubwa wa ofisi za Arua Hill. Laptopu ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, unaweza kwenda kununua chapati, ukala, ukarudi, bado inawaza. Fundi akaniambia mfumo wake hauletewi tena marekebisho, kwa hiyo afute kila kitu aweke mwingine. Nikamnyang'anya mashine yangu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu mama akinisomea dua, kama alivyomsomea kila mtoto aliyesafiri. Niliirekodi kwa simu siku niliyoondoka kwenda kusoma. Simu ikaibiwa baadaye, na nakala ikabaki hiyo ya kwenye laptopu peke yake.

Mdogo wangu aliniuliza kwa nini sikutoa nakala nyingine. Nikamwuliza kwa nini yeye haolewi. Tukawa sawa.

Nilipokwenda kwake kwa Idi niliibeba laptopu, naye akanieleza njia za kuujaribu mfumo mpya, unaoitwa Linux, kabla ya kuhama. Njia ya kwanza ni kuumegea sehemu ya diski, mifumo miwili ikae pamoja. Nikakataa kabla hajamaliza kusema. Ya pili ni kuuendesha ndani ya ule wa zamani, kama programu nyingine yoyote, lakini laptopu yangu ingezimia. Ya tatu ni flashi: mfumo wote unakaa humo, mashine inawaka kutoka kwenye flashi, na diski inabaki kama ilivyokuwa.

"Iko kama mgeni, dada," akasema. "Nakuja na mkeka yake, nakaa sebuleni, narudi kwake. Chumba yako hapana ingia."

Baba yetu alikuwa askari, na Kiswahili cha kambini, ambacho "nakuja" yake ni "anakuja" pia, ndicho tulichokulia. Hata mwalimu hukirudia akiwa nyumbani.

Nikakubali. Mashine ikawa nyepesi, mpaka nikaona aibu kwa miaka niliyoitukana. Nikachapa barua, nikajaribu printa, ikatii. Furaha ikanipanda kichwani. Katika nyumba zetu za Wanubi, kitu cha thamani hutolewa sebuleni. Mama alitundika tabaga zake, vile vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa rangi, mahali ambapo mgeni angeviona kabla hajaketi. Basi nami nikaingia kwenye diski, nikaivuta dua ya mama, nikaiweka mbele kabisa, kwenye uso wa mfumo mpya. Nikazima, nikaenda jikoni kumsaidia mdogo wangu.

Tulipowasha tena, uso ulikuwa mtupu. Barua haipo. Mama hayupo.

Nililia kama siku ya mazishi. Nilimwambia mdogo wangu ameniulia mama mara ya pili, na flashi yake akaitupe chooni. Majirani wakaja kuchungulia mlangoni. Yeye akanisukuma kando kwa bega, akakaa mahali pangu.

"Mfumo ya flashi nasahau kila kitu ukizima. Ile barua imeenda. Lakini mama ulimvuta kutoka diski, si ndiyo? Ukivuta hivyo, natoa nakala tu. Yenyewe nabaki." Akafungua diski. "Angalia. Iko."

Papo hapo akainakili dua kwenye simu yake na kwenye flashi nyingine. Sijui nitamlipa nini kwa dakika zile.

"Sasa tuone kama spika natoa sauti," akasema, akabonyeza.

Sauti ya mama ikajaa sebuleni, safi, bila ile mikwaruzo niliyoizoea. Akaomba njia ifunguke. Mdogo wangu, ambaye hakuwa ameisikia sauti hiyo tangu tumzike, akaiacha kompyuta, akafungua viganja.

"Amina," akaitika.

Mama akaendelea. Akaomba niwe na afya, akanyamaza kidogo.

"Amina."

Akaomba nirudi nyumbani salama, akanyamaza tena, muda ule ule.

Siku ile ya safari nilikuwa nimeshughulika na simu, sikuitika. Na miaka yote niliyoisikiliza peke yangu Arua, nilidhani mama pale anavuta pumzi. Kumbe alikuwa ananingoja. Nikafungua viganja vyangu na mimi.