Mbwa Wanane wa Daktari

Jumamosi ile sikutaka tucheze gemu letu la kompyuta. Jirani yangu, bwana mifugo wa kata, ambaye Susuni nzima humwita daktari, alikuwa amepata uhamisho kwenda Mugumu, na gari la vyombo lilikuwa linakuja Jumatatu. Godoro lake lilikuwa limeshafungwa kamba. Akaingia kwangu na chupa ya chai, akaketi mbele ya kompyuta yangu.

"Mwalimu, leo tunalimaliza joka."

Gemu hilo tulilinakili Sirari mvua zilipoanza. Unamwongoza mganga anayevuka nchi iliyolaaniwa. Yeye hapigani, anaita mbwa kutoka ardhini, nao wanampigania. Mbwa akifa anaweza kuitwa tena. Mganga akifa, kwa namna tuliyochagua wakati wa kuanza, anafutika moja kwa moja. Tulikuwa tumemkuza msimu mzima, daktari akishika mausi, mimi nikibonyeza vitufe vya kuita na kurudisha mbwa. Nje ya gemu hilo hatukuwa na jambo la pamoja. Mganga akifutika siku ile, sikuona kitakachomrudisha daktari Susuni.

"Tumwache. Ukija likizo tutamalizia."

"Likizo gani? Unaogopa, mura."

Niliogopa kweli. Mbwa wetu wanane walikuwa wanakufa kama kuku wa kideri. Joka likitema moto mara moja, uwanja unabaki mtupu na mganga amesimama peke yake. Sababu nilishaiona: wanane waligawana uhai uleule. Ukiita watatu, kila mmoja anapata uhai mwingi na ngozi ya kuhimili moto. Nilimwambia mapema, akakataa.

"Watatu? Watu watatuonaje?"

"Watu gani, daktari?"

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimepita joshoni wakati anafanya mkutano na wafugaji. "Punguzeni mifugo," alikuwa anawaambia. "Wachache wenye afya." Mzee mmoja aliyeegemea fimbo akamuuliza, "Na kwa baba yako umepunguza wangapi?" Watu walicheka mpaka ng'ombe wakageuka.

Nikamkumbusha maneno yake ya joshoni. Alimimina chai, hakuinywa. Akaenda mlangoni, akatazama mawingu, akarudi, akasimama nyuma ya kiti.

"Haya. Punguza."

Nilianza kuwaondoa, mmoja mmoja wakizama ardhini.

"Siyo huyo! Huyo abaki."

"Wote wanafanana."

"Kwako."

Walipobaki watatu, pointi zote tulizokuwa nazo tukazitia kwenye kinga ya moto. Tukaingia pangoni mwa joka. Joka likivuta pumzi, daktari anapiga kelele, "Rudisha!" nami nawarudisha nyuma ya mwamba kabla moto haujawateketeza. Ukizimika, nawaachia tena. Safari hii walitoka motoni wakichechemea, lakini walitoka.

Kisha mmoja akabanwa chini ya kucha za joka. Kitufe hakikusaidia. Nikaona mganga anaanza kumwendea.

"Usimfuate! Mbwa anaitwa tena, wewe huitwi!"

"Nimwache vipi?"

Alienda. Moto ukamlamba mganga, uhai wake ukabaki uzi mwekundu. Nilisimama, nikaketi, nikasimama. Lakini joka lilikuwa limemgeukia yeye na kumwachia mbwa, na wote watatu wakalirukia shingoni mpaka likaanguka.

Daktari hakushangilia. Alinyoosha kidole kwenye kioo, akahesabu.

"Wapo. Sasa waite wale watano."

"Kwa nini? Watatu wametosha. Mbele kuna mito ya moto, watakufa tena."

"Mimi naondoka Jumatatu, mwalimu. Nataka kuliacha kundi limetimia."

Nikabonyeza. Wakatokea, wakajipanga kumzunguka mganga, wanane, dhaifu kama mwanzo. Daktari akasogeza mausi upande wangu.

"Usiwavushe hiyo mito mpaka nije."

"Lini?"

"Nitakuja. Wewe usiwavushe tu."

Akaenda kufunga masufuria yake. Nilibaki nimeketi, kidole juu ya kitufe cha kurudisha, ingawa hapakuwa na adui.