Diski ya Chapuchapu

Wateja walimwita Chapuchapu, naye akalipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake. Alikuwa mpiga video za harusi. Wageni wakiwa bado mezani, yeye alikuwa ameshamkabidhi bibi harusi video fupi, muziki na mbwembwe zote ndani. Wenzake wenye diski za zamani, zile zinazozunguka na kukoroma, aliwacheka waziwazi.

Fundi wa kompyuta alikuwa amemwonya alipomuuzia diski mpya, ile ya kisasa yenye mbio, isiyozunguka. "Dada, hii ni ya kufanyia kazi, siyo ya kuhifadhia. Ukiifungia miaka bila umeme, tena kwenye joto, inaweza kusahau vitu. Ile ya zamani usiiache." Chapuchapu aliitikia huku akichezea simu. Akahamishia kila kitu kwenye hiyo mpya, ya zamani akaifuta na kuigawa. Mpya nayo ilipojaa, aliitupia kwenye droo chini ya dirisha linalopigwa na jua mchana kutwa, akanunua nyingine yenye mbio zaidi. Kitu kinacholala drooni kina haja gani na mbio? Hakujiuliza.

Miaka ikapita. Siku moja akaja mama yake mkubwa, aliyekuwa ametoka kumzika mwanawe wa pekee. Harusi ya kijana huyo, iliyopigwa video na Chapuchapu, ilimkuta mama huyo amelazwa hospitalini; aliambulia ile video fupi, kucheza na kukata keki basi. "Waliokuwepo wanasema alinitaja kwenye hotuba yake," alisema. "Nataka kumsikia, mwanangu. Hiyo tu."

Hotuba hiyo Chapuchapu aliiacha nje ya video ili awahi kumaliza. Ilikuwa kwenye diski ya droo. Aliichomeka, majina ya mafaili yakatokea, roho yake ikatulia. Lakini faili la hotuba liligoma kufunguka. Wakaipeleka diski kwa fundi, akahangaika nayo hadi jioni, kisha akaichomoa. "Imeshasahau, dada. Pole, mama."

Chapuchapu alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama mkubwa hakulia wala kulaumu. Alisogeza kiti karibu yake.

"Basi niambie wewe. Ulisimama mbele yake na kamera, ukamsikiliza tena ulipokuwa ukikata video. Kaka yako alisema nini juu yangu?"

Chapuchapu alitafuta kichwani, akatafuta tena. Mama mkubwa alimtazama mdomoni, akingoja.

"Ilikuwa ndefu," alisema. "Nakumbuka ilikuwa ndefu."