Miti sita iliyosimama kwenye picha tu

Ni alfajiri, na njia ya kupanda kilimani bado haionekani vizuri. Bwana Subiri anaipanda kama mtu anayetembea sebuleni kwake. Hatazami chini na hajikwai. Begoni ana kamera, lenzi mbili, chupa ya maji na mfuko wa plastiki wa kuifunika kamera mvua ikimkuta njiani. Stendi ya kamera ameiweka begani kama jembe.

Mwandishi wa makala haya yuko nyuma yake, pumzi juu juu.

"Pole pole tu," anasema bila kugeuka. "Kilima hakihami."

Subiri si jina alilopewa na wazazi wake. Ni la wateja wa studio yake, chumba kimoja kilichobanwa kati ya saluni na duka la vifaa vya umeme, ambako huwapiga watu picha za pasipoti. Mtu akishakaa kwenye kiti, yeye husema "subiri" na kusogeza taa. Kisha husema tena "subiri" na kuinamisha kichwa. Wapo wateja wanaoapa kwamba wamewahi kusinzia pale wakingoja mlio wa kamera. Ana miaka hamsini na minne, na zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia akiwaambia watu wasubiri.

Picha za pasipoti ndizo zinazolipa pango. Moyo wake uko huku juu, kwenye mabonde, mashamba na mawingu anayoyafuata kwa miguu karibu kila wiki. Picha za mandhari huziuza kwa hoteli, ofisi na wachapaji wa kalenda. Mwezi mzuri huuza nne. Mwezi mbaya hauzi hata moja, na miezi mibaya, anasema akicheka kidogo, ndiyo yenye bidii ya kuja.

Kwa miaka mingi palikuwa na kibao ukutani mwa studio kilichoandikwa kwa mkono wake: *Hapa hatuongezi, hatupunguzi.* Wateja walidhani kinahusu bei. Kumbe kilihusu picha.

"Kamera haioni kama jicho," anaeleza. "Wewe ukitazama kivulini unaona majani, yenyewe inaona giza tupu. Kwa hiyo nikikiangaza kile kivuli kidogo kwenye kompyuta, namrudishia mtu alichokiona. Hapo nimesafisha tu. Lakini nikitoa nguzo ya umeme iliyosimama pale, nimeshaanza kutunga."

Hakuutaja mfano wa nguzo bure. Mwenye hoteli mmoja aliwahi kumtaka afute nguzo kwenye picha ya bonde. Bwana Subiri alikataa, ila akajitolea kurudi kule na kusimama hatua chache upande wa kushoto, ili nguzo ijifiche nyuma ya mti.

"Akaniuliza, si ni kitu kile kile? Nikamwambia hapana, bosi. Mgeni wako akienda akasimama niliposimama mimi, ataona nilichokiona mimi. Akaniona mtu msumbufu."

Kazi ile ilikwenda kwa mpiga picha wa mtaa wa pili, ambaye ana picha moja ya jua likizama na huibandika popote, hata mahali panapotazama mashariki. Inauzwa sana.

Kwa mtu mwenye msimamo mkali namna hiyo, kilichomleta mwandishi huku juu si jambo rahisi kulisimulia. Bwana Subiri mwenyewe amelisimulia kwa vipande, kila anaposimama kupumzika, na mara nyingi akiangalia pembeni.

Mama yake amepita miaka themanini. Maisha yake yote ya ndoa aliishi katika nyumba iliyo upande wa pili wa bonde, hadi siku alipoteleza uani na kuvunjika nyonga. Watoto wake wakamhamishia mjini, kwa binti yake mkubwa. Chumba alichopewa kina kitanda, kiti cha plastiki, meza ya dawa, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Wiki ya kwanza aliulalamikia ukuta ule kuliko alivyolalamikia nyonga.

Bwana Subiri akamwambia kwamba kila mwezi atapanda kilima hiki, aipige picha nyumba kutoka huku ng'ambo, kisha aitundike mbele ya kitanda.

"Akaniambia, 'Basi nifungulie hilo dirisha, mwanangu.'"

Picha ilionyesha paa la bati jekundu, shamba lililolala mteremkoni, na mikaratusi sita iliyosimama mstari mmoja nyuma ya nyumba. Miti hiyo aliipanda marehemu baba yao kuzuia upepo, na kaburi lake liko hapo chini ya miti. Mama aliisalimia kila asubuhi kabla hajanywa chai. Siku alipobebwa kutoka nyumbani, agizo aliloliacha lilikuwa moja tu: miti ya mzee isiguswe.

Miezi ikapita nyonga isipate nafuu. Madaktari wakasema lazima apasuliwe, na hospitali ikataka ilipwe kwanza. Kila mtoto akatoa alichonacho, kisikidhi. Ndipo kaka mkubwa alipokwenda nyumbani na watu wenye msumeno, pasipo kumwambia yeyote. Fedha zikatimia, mama akapasuliwa, na mambo yakaenda vizuri.

Mwezi huo Bwana Subiri alipanda kama kawaida, akasimamisha stendi, akachungulia.

"Nilidhani nimekosea mahali. Kweli kabisa. Nikafungasha, nikashuka kidogo, nikapanda tena. Halafu nikaona vile visiki."

Alimpigia simu kaka yake papo hapo. Anasema kaka aliuliza jambo moja tu: "Mama atatembea au hatatembea?"

Dada yake naye hakuwa na maneno mengi. Mama ndiyo kwanza alikuwa ametolewa nyuzi, usingizi wake wa shida, chakula chake cha kubembelezwa. "Ukimletea picha hiyo unammaliza," dada alimwambia. "Wewe si ndiye fundi? Irudishe hiyo miti."

Akairudisha. Alikaa mbele ya kompyuta ya studio, akafungua picha ya miezi iliyotangulia, akaukata mti mmoja mmoja kwa uangalifu, tawi kwa tawi, na kuisimamisha upya nyuma ya bati jekundu. Akapaka rangi ya majani ilingane na msimu.

"Sijawahi kufanya kazi safi kama ile," anasema. "Na nilikuwa nalia, lakini nilikuwa pia najisifu. Hilo ndilo linaloniumiza. Nilikuwa najisifu."

Alifanya hivyo mwezi uliofuata, na uliofuata tena. Kila mara dada alitundika picha, mama akaisalimia miti, na watoto wakatazamana.

Mwezi wa tano tangu aanze kubandika miti, mvua ilinyesha asubuhi, kwa hiyo akapiga picha jioni. Miti aliyokuwa nayo kwenye kompyuta ilikuwa ya asubuhi. Aliibandika kama ilivyo, na vivuli vyake. Yeye ambaye humfanya mteja asinzie kwa ajili ya kivuli cha pua, hakulitazama jambo hilo mara mbili. Alikuwa ameshazoea.

Mama aliitazama picha ile wakati wote wa chakula. Kisha akamwita mwanawe akae kwenye kiti cha plastiki.

"Mwanangu," akasema, "kivuli cha nyumba kimelala huku. Vya miti vimelala kule. Kwetu siku hizi majua ni mawili?"

Bwana Subiri anasema angeweza kudanganya tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni: angesingizia mashine. Badala yake akapiga magoti sakafuni, mtu mzima na mvi zake, akamwambia kila kitu.

Mama hakupiga kelele. Alimwacha amalize, akamuuliza miti ilikatwa lini, akaambiwa.

"Najua mlinionea huruma," akasema. "Lakini miezi mitano mmenifanya nazisalimia mbao. Asubuhi nasema habari zenu, na nyie mko hapo mlangoni, mnanitazama. Mlijisikiaje?"

Akishalisimulia hilo, Bwana Subiri anainua begi na kuendelea kupanda.

Kaka mkubwa aliitwa. Alikuja na kofia mkononi, akasimama mlangoni kama mgeni. Mama alimtazama, akaugusa mguu wake uliotiwa chuma. "Kwa hiyo huu mguu ndio miti ya baba yenu?" Kaka akaitikia kwa kichwa. "Ungeniuliza ningekataa," mama akasema, "na wewe ulijua. Haya, nisaidie nisimame, tuone kama inatembea." Wanasema alicheka yeye kwanza, wao ndipo wakalia.

Dada hajabadili mawazo hadi leo. Mwandishi alipomuuliza, alijibu akiwa anakunja shuka za mama yake, bila kuacha. "Hawa wanaume huja na kamera zao, wanaondoka. Mimi ndiye ninayeshinda naye. Alikuwa hali, akawa anakula. Yakinikuta tena ningefanya vile vile." Pengine ana haki. Anayeamka kumgeuza mgonjwa hupimwa kwa mizani nyingine.

Kibao cha studio Bwana Subiri alikishusha mwenyewe wiki ile. Hajakirudisha. Anasema bado anafanya kazi kwa sheria ile ile, ila haoni kama ana uso wa kuitangaza ukutani.

Mama aliomba jambo moja: picha ziendelee, kila mwezi, kama palivyo. Ya kwanza ya visiki aliitazama siku nzima akiwa ameupa mlango mgongo. Ya pili aliomba isogezwe karibu, akahesabu visiki kwa kidole. Baada ya hapo akarudia kuzisalimia picha asubuhi, ingawa hakuna aliyethubutu kumuuliza anasalimia nini.

Sasa hali yake si nzuri tena. Kifua kimembana, anazungumza kwa taabu, na macho yamepungua nguvu. Ndiyo maana asubuhi hii Bwana Subiri amewahi kupanda. Anataka kumpelekea picha iliyo wazi kuliko zote, angali anaweza kuiona.

Tunafika juu kunapambazuka. Stendi inasimama palepale pa siku zote. Naam, ndipo ukungu unapoanza kupanda kutoka mtoni, taratibu, ukimeza shamba, kisha bati jekundu, kisha kila kitu. Dakika chache baadaye mbele yetu hakuna bonde wala nyumba. Kuna weupe tu.

"Subiri," anasema, safari hii akijiambia mwenyewe.

Tunasubiri. Jua linapanda mahali fulani nyuma ya weupe ule, lakini ukungu haukatiki. Watu wanaokwenda mashambani wanatupita, wanasalimia, wanamwangalia mtu anayeelekeza kamera pasipo na kitu. Saa nne asubuhi simu inaita. Ni dada. Anauliza kama picha imepatikana, anaambiwa kuna ukungu. Sauti yake inasikika hadi alipokaa mwandishi.

"Si una ya mwezi uliopita? Lete hiyo hiyo. Macho yenyewe haya, hatajua."

Bwana Subiri anautazama ukungu, simu ikiwa sikioni. Ni kweli, hatajua. Safari hii hakuna kivuli kitakachomsaliti, na hakuna mti wa kubandika. Ni picha halisi, imepita mwezi mmoja tu. Nani angemlaumu?

"Dada," anasema mwishowe, "hatajua, na ndiyo maana siwezi."

Anakata simu, anachungulia kwenye kamera, anarekebisha mwanga kwa makini kama vile yuko mbele ya bi harusi. Anapiga picha moja. Anafungasha.

Mchana huo picha inasafishwa studio na kupelekwa chumbani kwa mama. Imejaa weupe kutoka pembe hadi pembe. Chini kabisa tu kuna majani machache ya ukingo wa kilima. Dada anaiona, anatikisa kichwa, anatoka nje. Bwana Subiri anaishika karibu na uso wa mama yake.

Mama anaitazama kwa muda mrefu. Anavuta pumzi kwa shida.

"Ukungu," anasema.

"Ndiyo, mama. Nimesubiri, haukuondoka."

"Siku za hivi baba yenu alikuwa haendi shamba." Anapumzika, kisha anaendelea. "Tulikuwa tunabaki ndani, sisi wawili. Mlango tunaurudishia." Anainua kidole, anakiweka katikati ya weupe ule, mahali hasa penye nyumba. "Iache hapo. Usiitundike mbali."

Mwanawe anaitundika karibu, kisha anakaa kwenye kiti cha plastiki hadi mama anaposinzia.

Mlangoni, akiwa anavaa viatu, anasema mwezi ujao atapanda tena. Kaka yake ameahidi kwamba njia ikikauka watambeba mama kwa kiti hadi nyumbani akaone kwa macho yake, lakini Bwana Subiri hataki kuahidi makubwa. Anazungumza kwa sauti ya chini, asimwamshe.

"Nikikuta bonde liko wazi, nitamletea bonde. Nikikuta hapaonekani kitu, nitamletea hivyo hivyo," anasema. "Naomba tu nimkute."