Mkanda Mwekundu wa Kaka

Kaka yangu alikuwa mzamiaji bandarini. Alikwangua makombe yaliyoganda chini ya meli na kukagua nguzo za gati. Watu walidhani anashinda akiogelea na samaki wa rangi rangi. "Samaki gani?" aliwaambia. "Mimi ni mfagizi, ila ofisi yangu imejaa maji."

Mama ni fundi cherehani. Kaka alipopata kazi hiyo, mama alikesha kwa hofu. Mwishowe alichukua kitambaa chekundu kilichobaki kwenye kazi za wateja, akakishonea juu ya ule mkanda mzito wanaovaa wazamiaji ili wasielee.

"Nyekundu inaonekana kutoka mbali," alisema. "Ukipatwa na jambo, wenzako watakuona."

Kaka alishukuru, akauvaa. Ukweli aliniambia mimi, tukiosha vyombo.

"Maji yanakula mwanga, mdogo wangu, na yanaanza na nyekundu. Ukishuka kama urefu wa ghorofa tatu, mkanda wa mama ni kama umepakwa masizi. Inafuata rangi ya machungwa, kisha njano. Inabaki buluu, nayo inafifia mpaka hujui mkono wako uko wapi." Siku moja alijikata na kombe, akaona kitu kama moshi wa kijani kikimtoka kidoleni. Hakutambua kuwa ni damu yake mpaka alipokaribia juu.

"Mbona humwambii mama?"

"Nimwambie ili iweje? Akipata usingizi inatosha. Halafu mimi gizani naujua mkanda wake kwa vidole. Kuna mahali mshono umepinda. Nadhani alikuwa anasinzia."

Mwaka huu, mvua zilipochafua maji, kaka alishuka kukagua nguzo na hakupanda tena. Taa yake ilizimika, mpira wa kumpelekea hewa ukanasa kwenye vyuma vya zamani. Aliyeshuka kumtafuta ni mwenzake tuliyemwita Bata, kwa jinsi alivyotembea akiwa na mapezi miguuni. Mwenyezi Mungu aliyempa kaka pumzi ndiye aliyeitwaa. Hilo nalisema kila siku katika sala, na bado sijalizoea.

Tulipokwisha kumzika, Bata alikuja nyumbani na ule mkanda. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta. Aliupokea, akauweka mapajani.

"Bata mwanangu, huu ndio uliokusaidia kumwona?"

Bata alinitazama. Uongo haumkai mdomoni.

"Mama, huko chini nyekundu haionekani. Inakuwa nyeusi."

"Tangu lini?"

"Siku zote, mama."

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Mama aliukunja mkanda, akaukunjua. "Basi miaka yote hiyo nimemvisha giza."

Wanawake waliokuwa wanaosha vikombe waliacha. Bata alipiga goti mbele yake.

"Hapana, mama, nisikilize. Nilipita pale mara mbili napapasa tu. Tochi yangu ilipomgusa kiunoni, rangi ikarudi. Ulikuwa mwekundu kama ulivyo hapo. Rangi haikuwa imetoka, ni mwanga uliokuwa haufiki. Kila kitu kingine pale kilikuwa tope. Nilimwona kwa mkanda wako."

Mama aliugeuza mkanda mapajani.

"Lakini yeye hakuwa na tochi."

"Yake ilizimika."

"Kwa hiyo yeye aliuona mweusi."

Bata aliinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipokaa karibu na mama, nikamweleza habari ya mshono uliopinda, na jinsi kaka alivyoutambua mkanda wake gizani bila kuuona.

Hakutabasamu. Alifumba macho, akapitisha vidole kwenye kitambaa polepole, kutoka ncha moja kuelekea nyingine. Karibu na kifungio vilisimama.

"Hapa," alisema.

Watu walipoinuka kwa sala ya jioni, kidole chake kilikuwa bado palepale.