Kopo Juu ya Bomba la Moshi

Wifi yangu anaishi ng'ambo ya kijito, mahali ambapo serikali inapatambua kama kijiji. Mimi naishi upande wa huku, Mshangano, ambako ni mtaa, ingawa nalima mahindi kama yeye na kuku wangu hulala mtini kama wake. Kwa miaka mingi tofauti hiyo haikutuhusu. Nilikuwa na mashine ya kusaga ya dizeli niliyoachiwa na marehemu mume wangu, ambaye ni kaka yake, na watu wa kijijini kwake walivuka kijito na ndoo zao kuja kusaga kwangu. Yeye alikuja pia, na kwa kuwa ni wifi hakupanga foleni. Ndoo yake ilipita mbele ya zote na hakuna aliyenung'unika.

Kisha umeme ukaja, na tofauti ya kijiji na mtaa ikaingia hadi jikoni kwetu.

Nieleze taratibu, maana hata leo kuna watu wanaoniuliza. Umeme wa vijijini unalipiwa kwa fedha ya umma. Nguzo, waya na transfoma ni vya serikali, na mwananchi huchangia kidogo tu ili aunganishwe nyumbani kwake. Fedha hiyo imetengwa kwa ajili ya vijiji. Sisi wa mtaani tulikuwa tumeshapata umeme kwa njia ya mjini, laini ndogo ya waya mbili, ambayo inatosha taa, redio na pasi. Mashine ya kusaga inataka laini kubwa, ya waya nne. Ukitazama juu ya nguzo na kuhesabu waya utajua mwenyewe uko upande gani. Ng'ambo ya kijito waliletewa ile kubwa. Mimi nikiitaka, nguzo za kuifikisha kwangu nizigharamie mwenyewe.

Haya yote niliyaeleza kwenye mkutano wa kijiji chao, kwa sababu mwenyekiti aliniomba. Watu wananijua kwamba naweza kulifungua jambo mpaka bibi wa nyuma kabisa alielewe. Nikaona nisiishie hapo. Nikawaeleza akina mama kwamba halmashauri inatoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vilivyosajiliwa, nikawaonyesha namna ya kuandika katiba ya kikundi, nikawatia moyo wasiogope kwenda ofisini. Walinipigia makofi. Nilivuka kijito kurudi nyumbani nikiwa nimejaa furaha, na wala sikujiuliza wangenunua nini kwa mkopo huo.

Walinunua mashine ya kusaga.

Siku ya kuizindua nilialikwa na kukalishwa mbele. Wifi alikuwa mwenyekiti wa kikundi, amevaa kitenge kipya, na ndiye aliyebonyeza kitufe. Mashine ikaanza kuvuma kama nyuki ndani ya mzinga. Hakukuwa na moshi wala harufu ya dizeli. Unga ulitoka mweupe, mlaini. Nilichota kiganjani kuunusa nikitafuta kasoro, sikuipata.

"Sogea uone, wifi," aliniambia mbele ya watu wote. "Hii huizungushii hendeli, wala huibembelezi."

Watu walicheka kwa sababu wote wamewahi kuniona ninavyohangaika na hendeli asubuhi za baridi, nikiisemesha injini kama mgonjwa anayekataa uji. Na mimi nilicheka. Meno yalicheka, lakini moyoni palikuwa panawaka.

Wivu ulinikaa vibaya. Nikienda bustanini kando ya kijito nilihesabu upya waya za kwa wifi, kana kwamba zingepungua kwa usiku mmoja. Nilianza kuwasifia wateja unga wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Kwenye sala ya jumuiya wifi alipomshukuru Mungu kwa mwanga wa kijijini kwao, wenzangu waliitikia amina na mimi nikachelewa. Nilikuwa nawaza mjukuu wangu aliyeko chuo cha ufundi, ambaye karo yake inatoka kwenye mashine hiyo ya dizeli. Nilijua wateja wangehama wote, na nilikuwa nasubiri tu siku.

Siku ikakawia. Ndoo ziliendelea kuvuka kijito kama zamani. Nilishangaa, lakini sikuuliza mtu.

Aliyeuliza ni wifi. Alikuja mchana mmoja wa msimu wa mavuno, akakaa kwenye gunia la pumba bila kukaribishwa.

"Wifi, umewapa nini watu wa kijijini kwangu?"

"Nawapa unga."

"Wanapita mlangoni kwetu na ndoo kichwani. Nimemsimamisha mmoja jana, ananiambia alijua tumefunga."

Sauti yake ilikuwa imepungua nguvu. Akaniambia kwamba kikundi kinatakiwa kurejesha mkopo, na msimu ukipita hivi itabidi waiuze mashine.

Hapo ndipo nilipolipata jibu. Lilikuwa linalia juu ya vichwa vyetu. Mume wangu alifunga kopo la rangi kwenye ncha ya bomba la moshi, kama wenye mashine za dizeli wanavyofanya, na injini ikiwaka moshi hulipigapiga kopo hilo likasikika hadi mashambani. Mwanamke aliyeko kwake hatoki kuchungulia. Husikiliza tu. Kopo likilia anajitwika ndoo, likinyamaza anaendelea na kazi zake. Mashine ya wifi ilikuwa haisikiki hata kwa jirani.

Ningeweza kumpikia chai tukazungumzia mvua. Tatizo langu ni kwamba nikiulizwa jambo ninalolijua, ulimi hutangulia. Nilikuwa nimeshamweleza lote, kuanzia moshi mpaka masikio ya watu, wivu ukiwa bado unatafuta viatu.

Wifi alilitazama kopo. "Kwa hiyo kasoro ya mashine yangu ni ukimya."

"Haikufanana na wewe."

Alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kweli. Nikaenda nyuma ya nyumba nikamletea rimu ya pikapu ya zamani ya kaka yake, nikamwambia aitundike na kuigonga kwa chuma kama kengele ya shule kila wanapowasha. Nikampa na sharti. Umeme ukikatika aigonge harakaharaka, kama ya hatari, ili watu wasipoteze muda pale wakingoja. Mahindi yaliyokwisha kulowekwa hayangoji, yanachacha. Wajue kwamba kwangu dizeli ipo.

"Na ukikosa wateja usije kunililia," alisema. Akajitwika rimu kichwani, akashuka nayo kijitoni.

Sasa wengi wa ng'ambo husaga kwake. Kuna siku nawasha injini kwa ndoo chache tu, na mjukuu nimemwambia karo itafika kwa mafungu. Asubuhi rimu inalia polepole, chuma cha gari la mume wangu kikiwaita watu waende kwa mwingine, nami nakaza kanga na kushika hendeli. Wivu bado ninao. Kutwa nzima nachekecha unga sikio likiwa ng'ambo.

Juzi rimu ililia harakaharaka. Kabla haijanyamaza nilikuwa nimeshamimina dizeli, na injini, kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, iliitika bila kubembelezwa. Kopo likalia. Baada ya muda ndoo zikaanza kuteremka upande wa pili wa kijito, moja nyuma ya nyingine, na mwishoni kabisa, na ndoo yake mwenyewe, wifi.

"Usicheke," alisema akiwa bado mbali.

Sikucheka. Nilimsalimia, nikamuuliza habari za nyumbani, kisha nikamwonyesha mahali foleni ilipoishia.