Kremayeri ya Mama Zaina

Mwanangu, iko siku moja ambayo hainitoki kichwani, na nikiikumbuka hata leo masikio yanawaka moto. Siku hiyo mimi, fundi mzima, nilitaka kumpeleka mama wa watu kaburini huku nikipigiwa makofi.

Ilikuwa hapa hapa Likasi, miaka ile kila kitu kilipoanguka. Kiwanda kilifunga karakana yetu, tukarudi nyumbani na nguo za kazi tu. Mimi nilikuwa ajusta, fundi wa kulinganisha vyuma, na sikudanganyi, nilikuwa mzuri. Vipande viwili nikishavikutanisha, hupitishi hata unywele katikati. Basi nikafikiri kwamba mtu aliyetawala mashine za kiwanda hawezi kushindwa na kigari cha kubebea mahindi.

Njaa ilinipeleka kwa Papa Mwamba. Garaji yake ilikuwa kwenye njia ya Kamatanda: shimo la kuingilia chini ya gari, mabati matatu ya kivuli, na benchi la wateja. Hakusoma shule ya ufundi hata siku moja. Alikuwa mzee mfupi, mpole, anaongea taratibu kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nami, Mungu anisamehe, nilimwona fundi wa kubahatisha. Kumbe mjinga alikuwa nani?

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mama Zaina, mfanyabiashara ambaye familia yake ilitoka Maniema. Alikuwa akiendesha mwenyewe pikapu yake kuukuu hadi Kapolowe kununua mahindi, na kurudi na wamama wenzake wamekaa juu ya magunia. Usukani wa gari hiyo ulikuwa umechoka kabisa. Aliuzungusha robo nzima ndipo magurudumu yasikie. Boksi la usukani lilikuwa limelika ndani, na la kubadilisha halikupatikana popote.

Nikatoa wazo: tulitoe boksi zima, tuweke kremayeri. Hicho, kwa asiyejua, ni chuma kirefu chenye meno, kinachosukumwa na gia ndogo kwenda kulia na kushoto. Ukigusa usukani, magurudumu yanajibu palepale. Nyuma ya garaji kulikuwa na Peugeot 404 iliyokufa zamani, lakini kremayeri yake ilikuwa nzima.

Papa Mwamba alilipenda wazo. "Iko muzuri, mutoto yangu," aliniambia. Siku hiyo alikuwa anakwenda Kakanda kuamsha lori la mtu, safari ya siku tatu. "Fanya. Lakini gari isitoke mbele ya miye kuiona."

Nikafanya. Niliiweka gari juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Nikatafuta mahali ambapo chuma cha chini kimelala sawa, nikapima kushoto na kulia, nikachomelea. Mchomeleo wenyewe ungeupenda. Siku ya tatu asubuhi Mama Zaina alikuja, akazunguka uwanjani akigeuza usukani kwa kidole kimoja. Wamama waliokuja naye wakapiga makofi. Mimi kichwa kikavimba. Nikamwambia, "Kesho unaweza kwenda Kapolowe, Mama, gari iko tayari." Neno la Papa Mwamba nilikuwa nimelikumbuka vizuri sana. Nilijifanya nimelisahau.

Bahati yetu, mzee alirudi mchana huohuo, Mama Zaina na wenzake wangali kwenye benchi la wateja, kabla gari haijaondoka. Alikuwa na desturi moja ambayo mimi niliicheka kimoyomoyo. Gari yoyote iliyoguswa usukani, alitoa springi ya mbele, akaweka jeki chini ya gurudumu, akalifungia fimbo inayochomoza mbele, na kwenye ncha ya fimbo kipande cha chaki. Mbele ya chaki alisimamisha ubao. Kisha alipandisha gurudumu polepole na kulishusha, usukani ukiwa umefungwa. Chaki ilipaswa kuchora mstari ulionyooka, maana gurudumu linalopanda na kushuka halina ruhusa ya kugeuka lenyewe.

Chaki yangu ilichora mundu.

Papa Mwamba hakunikaripia mbele ya wamama. Alinivuta mkono, tukaingia wote wawili shimoni, akaniuliza kwa sauti yake ya chini:

"Kule ku kiwanda, mashini yako ilikuwa naruka?"

"Hapana, Papa. Ilikuwa imefungwa chini, mu beto ya simenti."

"Ndiyo ile. Hii ya Mama Zaina iko naruka. Weye umeipima kama hainaruka. Ikianguka mu shimo, itajigeuza yenyewe, na mama hatakuwa amegusa kitu."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa nimeweka kremayeri juu mno, vidole vitatu. Gari ikisimama, hakuna shida. Ila barabara ya Kapolowe, nani asiyeijua? Nikamwomba mzee amweleze Mama Zaina yeye, kwa kuwa garaji ni yake. Akakataa.

"Ni weye ulimwambia iko tayari."

Nikatoka. Nikamwambia yote, na kwamba nilikatazwa nisiitoe. Nikangoja Mama Zaina anitukane. Yeye akasema, "Kesho nilikuwa napanda na mutoto ku mugongo." Akaenda kuwaambia wenzake kwamba safari imesogezwa.

Siku mbili tulikata na kurudia. Tuliishusha kremayeri, tukafupisha vyuma vyake vya pembeni mpaka viungo vikalingana na viungo vya mikono inayoshika magurudumu. Namna mzee yule alivyopima kwa uzi na jicho tu, mwanangu, mimi na vipimo vyangu vyote vya kiwanda nilibaki nimekodoa macho. Sijaona fundi mwingine kama yeye. Chaki ikachora mstari kama uzi wa mwashi.

Safari ya kwanza Papa Mwamba alinitaka nikae mbele, kando ya dereva, kwani kwake ndivyo ilivyokuwa kwa kila aliyegusa usukani. Tulipokuwa tunarudi na mzigo, alitokea mtu anasukuma baiskeli ya makaa, upande wangu kabisa wa barabara. Palepale gurudumu likazama shimoni kwa kishindo. Gari ilinyooka tu. Mtu wa baiskeli alipita karibu yangu, ningeweza kumgusa bega.

Mama Zaina akaniuliza, "Ingekuwa ile yako ya kwanza?"

"Tungemugonga," nilimjibu.

Basi mwanangu, unayejifunza kazi sasa, nisikilize. Kazi yako usiipime pale inapokupendeza, ipime kule itakakoteseka. Ukihama kazi moja kwenda nyingine, kubali kuwa mwanafunzi tena, hata kama mwalimu wako hana cheti na wewe unacho. Na ukikosea, nenda ukaseme kwa mdomo wako mwenyewe, mapema, mtu angali mzima wa kukusikia.

Mungu akubariki mikono na macho. Akupe mzee wa kukuambia "bado", na akupe moyo wa kumshukuru siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa. Nilimshukuru Papa Mwamba nikiwa nimeshika koleo la udongo kando ya kaburi lake, na yeye hakuwa anasikia tena.