Majina Kumi ya Mwanzo

Mtu akinisifia programu inayoahirisha kazi mpaka ihitajike, damu hunichemka. Miaka ya tisini niliziamini sifa hizo. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikaajiriwa mjini Meru katika ofisi yenye kompyuta moja na disketi za kugombaniwa. Niliandika programu ya kupanga majina ya wakulima wa Kibirichia waliosubiri viazi vya mbegu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Viazi vyake vya zamani vilikuwa vimeshikwa na mnyauko, na asipopata mbegu safi kabla ya mvua, shamba lingelala.

Nilichapa majina tisini kutoka daftari la mwenyekiti wa kikundi chao, nikayahifadhi kwenye disketi. Nikaiambia programu isome orodha yote. Ikajibu papo hapo: tayari. Nikaiomba inionyeshe majina kumi ya mwanzo, yakatokea sawasawa. Nikaridhika, mjinga mimi, nikatoa disketi. Karani akaifuta yote ili aweke barua zake.

Mchana mwenyekiti akaja kuchukua karatasi ya majina ya kugawia mbegu, lori la mbegu likiwa limeshafika Kibirichia. Printa ikatoa majina kumi, ikanyamaza. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa palepale kando ya printa. Lugha niliyoandikia programu ile haikuwa imesoma orodha. Ilishika ahadi ya kusoma, basi. Kila jina lingesomwa pale tu litakapoitwa. Mwalimu wetu chuoni alilipitia jambo hilo mbio mbio, nasi tukaitikia kana kwamba tumeelewa. Niliita kumi, ikasoma kumi. Themanini yalibaki kwenye disketi, na disketi haikuwa na kitu tena.

"Nipe daftari nichape upya," nilimwambia mwenyekiti. Lilikuwa limetuna mfukoni mwa koti lake.

"Daftari ya nini na kompyuta iko?" alisema, huku akiichana karatasi kutoka kwenye printa. Kumi hao walikuwa yeye mwenyewe, wake zake na ndugu zake. Alikuwa ameanza na watu wa kwake.

Nilimfuata hadi Kibirichia, nikapiga kelele mbele ya watu mpaka sauti ikakauka. Yeye akawaambia kompyuta haijui undugu. Wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi, wakaniita mwizi. Maelezo yangu yalisikika, hata masikioni mwangu, kama uongo wa mtu aliyekula hongo. Magunia yote yakaenda kwa wale kumi.

Mama alingoja watu watawanyike, gunia lake tupu likiwa begani. Nilimweleza yote upya kwa Kimeru, naye akasikiliza bila kunikatiza.

"Kwa hivyo ungemtafuta mtu wa mwisho, ingesoma wote?"

"Ndiyo, mama. Ingewasoma wote mpaka imfikie."

"Wa mwisho nilikuwa mimi," alisema. "Hukunitafuta?"